Kikapu cha magugu maji kimeota ukungu, na mama mkwe anasema nimeleta kichocho nyumbani

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 10 na wa kike 6, tunakaa Nyegezi, hapa Mwanza. Likizo ya mwezi wa sita, ile wiki ya pili, mi na baba yao tuliamua tuwatoe watoto kwenye TV tutengeneze kitu cha asili kwa pamoja. Tukashuka Ziwa Victoria upande wa Luchelele tukavuta magugu maji, watoto wakiwa ndani ya maji mpaka magotini, tukayaosha hapohapo. Tukayaanika juu ya bati siku tatu yakakauka vizuri, tukasuka kikapu cha matunda na kilitoka kizuri kweli. Nikaweka machungwa na ndizi, nikafunika na kanga sababu ya inzi. Wiki tatu hazijaisha kikapu kimelegea, mapengo kila mahali, na kwa chini kimeota ukungu mweusi kinanuka. Binti yangu amelia sana. Mama mkwe amekuja akasema magugu maji ndo nyumba ya kichocho, nimewaletea watoto ugonjwa ndani, nikichome moto. Jirani anasema nipake vanishi, dada wa kanisani anasema nichemshe na chumvi, mwingine anasema ningetumia mafunjo. Nifanye nini, na je tunaweza kurudia bila hatari?"

Marahaba mwanangu, na pole, hasa kwa huyo binti. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili maana una mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, kikapu kimeharibika na unaogopa kichocho, na wote waliokushauri wanakitazama kikapu kama vile ndo mgonjwa. Mi nakwambia hivi: kikapu chako hakijaleta kichocho ndani na hakiwezi kukileta. Kilichokiharibu ni zile siku tatu za kuanika, hazikutosha hata kidogo. Na kama watoto wamepata kichocho basi wamekipata palepale Luchelele kwenye yale maji ya magotini. Kwahiyo tunavitenganisha, naanza na watoto, kikapu kitasubiri.

Mama mkwe wako usimbishie, sababu nusu ya anachosema ni kweli tupu. Siku nyingine ukiwa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, geuza jani la gugu maji uangalie chini yake, alafu angalia ile mizizi myeusi inayoning'inia kama manyoya. Utaona konokono wadogo wa rangi ya kahawia, bapa, wamejikunja kama kigurudumu, wengi hawafiki hata upana wa kucha ya kidole gumba. Hao ndo kichocho kinawapitia. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia ziwani au kinyesi chake kikioshwa na mvua mpaka ziwani, mayai yanaanguliwa majini, vijidudu vinavyotoka vinaingia ndani ya konokono, vinakaa humo wiki kadhaa vikizaliana, alafu vinatoka kwa wingi vikiwa na umbo jingine, vinaogelea kutafuta ngozi ya mtu. Huwezi kuviona kwa macho. Vikiipata ngozi vinapenya ndani ya dakika chache tu, wala haihitaji uwe na kidonda. Vinatoka kwa konokono jua likiwaka, na vinazidi kuanzia saa tano mpaka saa nane tisa mchana, muda uleule familia nyingi zinaposhuka ziwani na watoto.

Sasa sikiliza upande wa pili ambao mama mkwe hakuambiwa. Hicho kijidudu kikishatoka kwa konokono hakina chakula, kina akiba kidogo tu mwilini, kikikosa mtu kinakufa, hakimalizi siku mbili. Na kinaishi majini peke yake, ngozi ya shina ikikauka na chenyewe kimekauka. Kwahiyo shina lililokaa juani siku kadhaa, likasukwa, likakaa juu ya meza Nyegezi, halina njia yoyote ya kumpa mtoto kichocho, hata akilishika kutwa nzima, hata akilitia mdomoni. Wala hakiambukizwi kwa kugusana mtoto na mtoto. Mweleze mama kwa upole, na umwambie wasiwasi wake umewasaidia, sababu ndo umekufanya uulize.

Ila watoto walisimama majini karibu na magugu, mkayaosha hapohapo kwa mikono mitupu, hilo siwezi kulipaka sukari. Wapeleke wakapimwe, na nyie wazazi mpime pia. Hapa kuna kitu watu wengi wanakosea: wanakimbilia maabara kesho yake, wanaambiwa hakuna kitu, wanarudi wamefurahi. Minyoo ya kichocho inahitaji wiki tano, sita, wakati mwingine zaidi, mpaka ikomae na kuanza kutaga mayai, na kipimo cha choo kinatafuta mayai. Hata dawa yenyewe, praziquantel, inaua vizuri minyoo mikubwa, ile michanga inaiacha. Mlienda wiki ya pili ya mwezi wa sita, ukihesabu wiki nane unaangukia wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, hapo ndo kipimo kitakupa jibu la kuaminika. Mwambie daktari siku hasa mliyoingia majini. Si lazima uanze hospitali kubwa ya Bugando, kituo cha afya cha karibu kinatosha.

Usisubiri hiyo tarehe kama mtoto amepata homa isiyoeleweka, kikohozi, vipele vya kuwasha mwilini, tumbo linamuuma, anaharisha au kinyesi kina damu. Hapo unaenda leo, na unataja ziwa, sababu usipolitaja wataangalia malaria peke yake. Huku kando ya ziwa kichocho chetu kikubwa ni cha tumbo. Kile cha mkojo wenye damu kinapatikana zaidi huko ndani kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ila ukiona damu kwenye mkojo usiseme hiki sio cha kwetu, nenda. Na usinunue dawa duka la dawa ukakadiria mwenyewe, dozi inatolewa kwa uzito na huyo wa miaka 6 si sawa na kaka yake. Kama shuleni waligawa dawa za kichocho mwaka huu lakini kabla ya mwezi wa sita, hiyo haiwakingi na maji ya mwezi wa sita. Dawa inatibu kilichopo, haizuii kinachokuja.

Haya, kikapu.

Kachukue shina moja bichi la gugu maji, likate kwa wembe katikati, mwite binti yako mtazame pamoja. Mtaona vyumba vidogo vidogo vingi vimepangana kama sega la nyuki, ni hewa tupu, na ndo maana gugu linaelea. Kuta za hivyo vyumba zimejaa maji. Gugu maji karibu asilimia 90 mpaka 95 ya uzito wake ni maji, yaani ukianika kilo 10 za mashina unabaki na nusu kilo, sana sana kilo moja. Nje yake kuna ngozi laini inayong'aa kama imepakwa mafuta, hiyo kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Mkianika juu ya bati la moto, ngozi inakauka fasta, inageuka rangi, ukishika unasikia pakavu kabisa unasema tayari, kumbe kule kati sponji bado imelowa. Bati ndo linazidisha huo udanganyifu, linachoma upande wa chini ngozi inakakamaa inayafungia maji ndani.

Mkasuka. Mlivyosuka kilikuwa kimebana vizuri sababu mashina yalikuwa bado manene kwa ajili ya maji. Wiki zikapita, maji yakawa yanatoka taratibu, kila shina likakonda, na shina likikonda lile la jirani yake halisogei kuziba nafasi, linabaki pale mlipoliweka. Hapo ndo mapengo yalipotokea, hamkusuka vibaya. Alafu kwa chini, hewa haipiti, mkaweka machungwa na ndizi ambazo zinaendelea kupumua na kutoa unyevu hata baada ya kuchumwa, ikafunikwa kanga juu. Ukungu hautaki zaidi ya hapo. Mbegu zake ziko hewani kila siku, zinasubiri unyevu na chakula tu, na mmea wenyewe ni chakula.

Hili kosa nalijua kwa mkono wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya vikapu 12 kutoka duka moja la vitu vya asili hapa mjini, ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimekolea, na mimi nataka hela ya sikukuu. Nikaanika siku nne kwa kubahatisha kati ya mvua na mvua. Vilipelekwa vizuri vinapendeza, mwezi haujaisha vikarudishwa 9, vingine ukivishika vinaacha unga mweusi mkononi. Tangu hapo mashina ya kazi yangu nakusanya kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, nayaweka stoo, vuli na masika nasuka tu, sikaushi.

Kuhusu vanishi, hapana, sio saivi. Vanishi juu ya shina lenye maji ni kama kufunika sufuria, unyevu unabaki ndani na ukungu unaendelea chini ya hiyo ngozi mpya inayong'aa. Vanishi inakuja mwisho kabisa, kitu kikiwa kimekauka kweli, unapaka nje uani watoto wakiwa mbali na ile harufu, na ndani ya kikapu cha matunda hupaki kitu. Kuchemsha na chumvi ndo baya zaidi. Najua limetokea wapi, chumvi inahifadhi samaki kwahiyo mtu anaona itahifadhi na kikapu. Ila chumvi inavuta unyevu wa hewani. Umeona chumvi ya jikoni ilivyo kipindi cha mvua, inashikana inalowa yenyewe kwenye kopo. Kikapu chako nacho kitakuwa kinalowa chenyewe kila masika.

Sasa hicho ulichonacho ufanyeje. Kitoe nje, simama upepo ukiwa mgongoni kwako, jifunge kitambaa puani, watoto wasiwepo. Kama mmoja wao ana pumu au anabanwa kifua, hata humu ndani kisirudi tena, na kama ameanza kukohoa au kupiga mluzi kifuani tangu ukungu uonekane, mpeleke hospitali. Piga kikapu kwa brashi kavu. Ukiona ukungu ni wa juujuu, doa linatoka na shina chini yake ni gumu na rangi yake ileile, futa na siki kwa kitambaa, anika siku tano juani, hiyo sehemu imepona. Ukiona weusi umeingia ndani, ukibonyeza kwa kucha shina linabonyea laini, hiyo haiponi. Kwa ulivyoeleza harufu, mi naona kitako chote kimekwenda, ukuta wa juu pengine umesalimika. Kata kitako, fumua ule ukuta, hayo mashina mazuri yatumieni upya. Wengine watakwambia tumia dawa ya kufulia nguo nyeupe, inaua ukungu wa juu ni kweli, lakini inakula nyuzi na kuacha mabaka, na kamwe usiichanganye na siki maana inatoa hewa ya sumu, mtu anaweza kuzimia akiwa bafuni. Kilichooza zika kwenye shimo la mbolea. Kuchoma kitu kibichi chenye ukungu unavuta moshi wake bure.

Kurudia mnaweza, na ningependa mrudie, ila kazi ya watoto inaanzia pale shina likiwa limeshafika uani na limekauka nje. Ziwani anaenda mtu mzima. Avae gambuti ndefu na glavu za mpira, achukue reki ya mpini mrefu, avutie magugu kutokea ukingoni bila kuingia. Siku ambazo upepo umevuma kuja nchi kavu yanakuja yenyewe, yanajazana. Kabla ya kuvuta uliza wavuvi au watu wa BMU, ile kamati ya kusimamia mwalo huo, wao ndo wanajua wapi mamba ameonekana, na kwenye lile zulia la kijani nyoka hukosi. Alfajiri sana na jioni giza likiingia usiende, hapo kiboko anapita. Mi binafsi siku hizi nawalipa vijana wa mwaloni wanaletea mzigo juu ya mwamba mkavu, sigusi maji.

Usichukue karibu na mto Mirongo unapoingia ziwani, wala kwenye mitaro ya mjini na gereji. Gugu maji linanyonya vitu vingi vilivyomo majini, hata metali nzito, na zaidi zinakaa kwenye mizizi, ndo sababu nyingine mizizi hatuitumii. Na ndizi yenye ganda haina shida ndani ya hicho kikapu, lakini mkate mtupu au karanga zilizomenywa tandika kitambaa kwanza.

Chagua mashina marefu, kuanzia urefu wa mkono wa mtu mzima, yale yaliyosongamana. Yale mafupi yaliyovimba kama kitunguu yanayokaa peke yake kwenye maji ya wazi mwachie binti achezee baada ya kukauka, hayasukiki. Liangalie kila shina kama lina tundu dogo au mstari mweusi unaoshuka ndani. Hiyo ni kazi ya wadudu jamii ya fukusi walioletwa kutoka Amerika Kusini miaka ya 1990 kuja kulila hili gugu, sababu na lenyewe kwao ni hukohuko, lilionekana ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 80, na inaaminika lilishuka na mto Kagera. Mdudu mkubwa anakwangua majani anaacha vidoa vya mviringo, mtoto wake anachimba ndani ya shina kuelekea chini. Waonyeshe watoto hivyo vidoa, wangu walivipenda kuliko hata kusuka. Ila shina lililochimbwa limeshaanza kuoza kabla hujalikata, liache.

Yaani hawa wadudu ndo walifanya kazi kubwa ziwani, mtu asikudanganye kwamba familia ikisuka kikapu inaokoa ziwa. Hili gugu hali ikiwa nzuri kwake linajizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Wafundishe watoto jingine: mmea hai wenye mizizi au lile bua la maua yake ya zambarau yenye jicho la njano, hauondoki mwaloni. Ua ni zuri na binti atalitaka, lakini ndo hivyohivyo lilivyosambaa duniani, watu walilibeba kwa uzuri wake, na mbegu zake zinalala kwenye tope zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Hata kipande chenye kitovu cha mizizi kikitupwa kwenye lambo kinaota.

Majani na mizizi kata hukohuko, acha kwenye nchi kavu mbali na maji. Mashina yaache juani siku mbili kabla mtoto hajayagusa. Alafu mtu mzima mwenye glavu ayaoshe kwa maji ya bomba, na yale maji ya kuoshea ayamwage kwenye udongo mkavu, watoto wasichezee beseni, maana konokono mmoja tu akibaki humo jua likipiga anaweza akatoa vijidudu ndani ya beseni lako.

Kukausha fikiria dagaa. Wanaoanika mchangani na wanaoanika kwenye chanja, unajua wapi dagaa anatoka mzuri, kwenye chanja hewa inapita juu na chini. Fungeni chanja ya fito au nyavu kuukuu, sio bati. Siku tatu za mwanzo juani, baada ya hapo sogeza kivulini penye upepo, sababu jua kali mpaka mwisho linafanya shina liwe jeupe na livunjike kama biskuti. Geuza kila siku, jioni ingiza ndani kabla ya umande. Siku ya nne au ya tano, shina likiwa limenywea lakini bado linakunjika, laza ubaoni ulipitishie chupa kama unasukuma chapati, kutoka kichwani kwenda kwenye kitako. Utasikia linatoa sauti ndogo ya kupasuka, vile vyumba vya hewa vinafunguka, na mara nyingi unaona tone la maji linatoka mwishoni. Hilo tone ndo lililooza kwenye kikapu chenu. Hii kazi ya chupa mpe kijana wa miaka 10, ana nguvu za kutosha na ataifurahia. Shina lililobapwa hivi linakauka mapema na likishasukwa halikondi tena kwa kiasi kile. Kwa mwezi wa saba, wa nane, hesabu siku 7 mpaka 10, hali ya mawingu 14.

Kuna mikono inayowashwa na utomvu wa shina bichi, lina vichembe vinavyochoma ngozi laini. Anawashwa pale mikono ilipogusa tu na kwa sabuni inaisha, usiogope. Muwasho wa miguuni ulioanza baada ya kuingia ziwani huo ni mwingine, turudi kule juu kwa daktari.

Siku ya kusuka loweka kitambaa, kamua, funika mashina nusu saa. Utaniuliza mbona tumekausha siku 10 alafu tunalowesha. Unyevu huu ni wa ngozi tu, unalainisha shina lisivunjike na usiku mmoja umeshatoka, wala usiyatumbukize kwenye ndoo maana sponji itakunywa upya. Na safari hii msianze na kikapu. Anzeni na ngata, ileile ya kubebea ndoo kichwani, mtaiweka mezani iwe ya kutegea sufuria. Binti anasuka msuko wa matatu kama anavyosukwa nywele, anatumia mashina matatu na likikaribia kuisha anachomeka jingine pembeni yake, ila asiunge yote matatu mahali pamoja, pataachia. Mashina 30 mpaka 40 yaliyokauka yanatosha msuko mrefu. Kaka yake anauzungusha kama konokono na kushona kila mzunguko kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, na wewe au baba mnakaa karibu sababu hiyo sindano ni kali. Mwanzo wa mzunguko ndo mgumu, pale katikati panataka kuinuka kama kofia, ulazeni mezani na kuubonyeza kwa kiganja wakati wa kushona, usishonwe ukiwa hewani. Mchana mmoja mmemaliza, na kwa sababu ni bapa hewa inaipata pande zote. Kikapu fanyeni mara ya pili au ya tatu, na chini yake kipandisheni juu ya vijiti viwili, machungwa ya Ukerewe yawekeni makavu bila kanga juu, kama ni inzi tumia chandarua.

Mafunjo sikatai, ni imara kuliko gugu, hayakondi sana, majamvi yake yanakaa miaka. Lakini kuyakata ni kuingia kwenye kinamasi kilekile chenye konokono na nyoka, na yale ni mmea wetu wenyewe, samaki wadogo wanajificha humo na yanachuja tope kabla halijafika ziwani, hayana kosa lolote la kuyafanya yang'olewe. Ukiyataka nunua kwa akina mama wanaosuka majamvi, yameshakaushwa, utajua na bei kabisa, na kingo zake zinakata vidole vya mtoto mdogo. Ukindu wa sokoni pia ni mzuri na hauna habari ya ziwa kabisa, kama baada ya haya yote moyo wako haujatulia anza nao, hakuna aibu. Kwa mkono wa miaka 6 mi bado naona gugu ndo laini zaidi. Na kama chanja imekushinda, tafuta akina mama wanaosuka magugu maji, ukae nao asubuhi moja uguse shina lililokauka sawasawa kwa mkono wako, hilo siwezi kukupa kwa kuandika.

Na huyo aliyelia mpe kazi ya mkaguzi. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko, ile ya siagi ya karanga inatosha, ioshe ikauke kabisa. Kila asubuhi akate vipande vitano vya shina kutoka kwenye chanja, avitumbukize, afunge, aweke dirishani juani saa moja. Kama kioo kwa ndani kimetoa jasho, mashina yanarudi kivulini. Aandike kwenye karatasi ukutani, jasho au hakuna. Siku mbili mfululizo akiandika hakuna, ndo ulete kitambaa na beseni.